Jiwe Lililoshikilia Mlango Wetu

Zaina mwanangu,

Kwa heshima zote, na kwa niaba ya nyumba nzima, natangaza habari ifuatayo: mlango wa chumba cha nyuma, ambao kwa miaka kumi na minne haukuwahi kumsumbua mtu, tangu asubuhi ya leo unagonga. Upepo wa ziwa ukivuta, unafunguka. Upepo ukisukuma, unajibamiza. Mama yako ameuwekea tofali, ukalisukuma tofali. Ameuwekea kinu, ukatulia kwa muda wa kumeza mate, kisha ukaanza tena. Serikali ya nyumba, yaani mama yako, imekaa kikao na kuamua kwamba mwenye makosa ni mimi niliyeruhusu jiwe liondoke. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Jiwe lenyewe limo ndani ya begi lako, limeviringishwa katika sweta ya bluu. Nimelitoa, nimelipima kwa mkono kama nilivyozoea, nimelirudisha. Wewe umeenda kuwaaga shangazi zako, na nawajua shangazi zako, hutarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina mchana mzima, kalamu inayoandika, na mlango unaonipigia ngoma.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kushona pesa kwenye upindo wa gauni. Hayo mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena pale pwani mpaka nahodha aombe msamaha. Mimi nina neno moja tu. Karatasi iliyobandikwa kwenye jiwe ina mistari mitatu. Ukishuka Kalemie, ukamaliza ile njia ndefu ya Lubumbashi, utaliweka hilo jiwe juu ya meza ya watu waliosoma mawe maisha yao yote. Watakuuliza: limetoka wapi, nani amelipata, lilikuwaje? Utawasomea nilichoandika, na utawasomea kwa sauti ile yako ya kujiamini, maana aliyeandika ni baba yako. Katika mistari hiyo mitatu, mmoja ni wa kweli. Miwili niliitunga. Nina muda mpaka boti ipige honi kuisahihisha, na tayari, kama unavyoona, nimemaliza ukurasa nikizungumzia mlango.

Hadithi unayoijua nilianza kukupa ukiwa na meno ya maziwa. Nilikuwa Lulimba nikitafuta dhahabu. Mchana mmoja mbingu ikapiga radi bila wingu. Nikaona moshi mweupe umechora mstari angani, nikaufuata porini siku tatu, peke yangu, nikachimba, nikalipata jiwe. Ulikuwa ukinitaka nirudie ile sehemu ya siku tatu, nami nilikuwa nikiongeza simba. Simba ulimtoa mwenyewe ukiwa na miaka tisa. "Baba, kule Lulimba hakuna simba." Nikamwachia simba aende zake. Mengine nikayabakiza, na wewe ukayajengea nyumba, na sasa unaenda kuishi ndani yake.

Nianzie kwenye karatasi. Utamkumbuka mwalimu Nestori, yule mkimbizi wa kambi ya Lusenda, mrefu, mwenye koti la baridi hata kwenye jua. Kwao Burundi alikuwa akifundisha sayansi. Alikuja kwenye chumba cha nyuma, ninamofanyia kazi, na redio isiyosema, akajikwaa kwenye jiwe letu, akataka kutukana, kisha akalitazama vizuri. Akachuchumaa mbele yake kama mtu anayemwamkia mkwewe.

"Fundi, hili jiwe umelitoa wapi?"

"Lulimba. Linanishikia mlango."

"Unashikilia mlango kwa kitu kilichotoka mbinguni?"

"Mwalimu, tofali zinapanda bei."

Hakucheka. Aliniomba ile sumaku yangu ya spika, akaisogeza, nayo ikaruka mkononi mwake ikalishika jiwe. Akanionyesha gamba jeusi, jembamba kuliko ganda la yai: huko juu lilikuwa likiungua, alisema, lakini kwa nje tu na kwa muda mfupi, moto haukupata nafasi ya kuingia ndani. Akaweka kidole gumba chake katika vile vishimo vya ubavuni, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikamkaa, kana kwamba mfinyanzi amebonyeza udongo mbichi. Akalinyanyua, akaguna, ni zito kuliko umbo lake. Halafu akaona ile pembe iliyovunjika, akaipitishia tupa kidogo, na ndani ya ule ujivujivu zikang'aa punje za chuma, ndogo, nyingi, kama visamaki vya ndagala vikigeuka majini.

"Na dhahabu?" nikauliza. Mchimbaji hafi kabisa ndani ya mtu.

"Hamna dhahabu. Ni jiwe na chuma. Lakini kina umri mkubwa kuliko mlima wowote uliowahi kuupanda."

"Basi kimemzidi hata mama mkwe wangu."

Hapo alicheka. Na kwa kuwa alicheka, nami nikajisahau, nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu. Je, kitu kama hiki, kikitoka kule juu na mwendo ule wote, kinaingia chini kiasi gani?

"Kama hiki? Hakiingii, fundi. Hewa inakipunguza mwendo mpaka kinafika kimechoka. Kinafinya udongo kidogo, kama sufuria iliyodondoka. Mara nyingi mawe kama haya yanalala juu tu. Anayeyaona ni mtu anayelima, au anayechunga ng'ombe."

Yanalala juu tu. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaichoma kwenye kiganja changu badala ya redio. Redio yake nikamtengenezea bure, naye akadhani ni ukarimu.

Kabla ya kuondoka aliniambia jiwe lisilo na karatasi ni yatima: hata liwe zuri namna gani, hakuna atakayejua la kulifanyia. Akanipa kalamu yake. Andika, wapi na lini, nani, lilikuwaje. Nikaandika mstari wa kwanza: Lulimba, mchana ule mbingu ilipopiga radi bila wingu. Huo ni kweli. Mstari wa pili nikaandika: amelipata Ramazani, yaani mimi. Mstari wa tatu nikaandika: lilikuwa chini sana, lilitolewa kwa kuchimba. Mwalimu alisoma. Alikuwa ametoka kuniambia kwamba hayaendi chini. Alinitazama muda, akasema, "Ajabu," akachukua redio yake akaenda. Na hao wa Lubumbashi nao watasema ajabu, mwanangu, ila wao watakutazama wewe.

Tangu siku hiyo tukaanza zile safari zetu mimi na wewe, sumaku imefungwa kwenye ncha ya fimbo, tukiichomeka kwenye kila kitu cheusi kuanzia hapa mpaka njia ya Fizi. Watu walituona kama wendawazimu wawili, mmoja mfupi. Mikebe arobaini ya maziwa uliyoipanga chini ya kitanda, kila mmoja na kikaratasi, na ndani yake hakuna hata kijiwe kimoja kilichotoka mbinguni. Mavi ya chuma ya mafundi wa zamani, yenye matundu kama mkate. Vipande vya mota. Lile la mviringo uliloliita Kiazi, ambalo lilikuwa kweli kiazi, kimekauka. Lakini ulijifunza, na nilikuona ukijifunza. Usilipige nyundo kuona kilicho ndani. Usilioshe, maji yanaleta kutu. Usiache sumaku imelilalia, inafuta mambo ambayo jiwe limeyashika tangu zamani. Iguse tu na uiondoe. Liandike kabla hujalinyanyua. Na muulize mwenye shamba.

Hilo la mwisho nilikufundisha mimi, kwa ukali ambao hukuelewa ulitoka wapi. Siku ile ulipochukua kijiwe cheusi kwenye mihogo ya watu pale karibu na mto nikakurudisha kwa mguu, jua la saa sita, ukirudi unalia, ukakirudishe na kuomba samahani kwa mama ambaye hakujua hata kilikuwa chake. Uliniuliza, "Baba, ju ya kajiwe tu?" Sikukujibu. Nakujibu leo.

Sasa nirudi Lulimba. Peke yangu sikuwa. Nilikuwa nikikaa kwa Asende, baba yake Riziki. Unalijua jina lake kama jina la mtu aliyekufa shimoni zamani. Mjane wake unamjua zaidi: Mama Riziki, aliyehamia hapa Baraka baadaye, yule wa ndagala sokoni, anayekupimia kopo na kukuongezea matabishi, ile nyongeza ya bure, mpaka wateja wengine wanalalamika. Walikuwa na shamba la mihogo, nami nilikuwa na mtaimbo, karai na sumaku ya kutoa mchanga mweusi kwenye unga wa dhahabu. Asende alikuwa mtu wa kwaya, sauti ya chini kabisa, ile inayotetemesha benchi. Mimi, Mwislamu wa pwani ya ziwa, nilikuwa na sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

Ule mlio ulipokuja tulikuwa tumekaa tukila miwa. Kwanza ukapiga mmoja mkubwa, halafu midogo midogo, kama mtu anaburuta mabati juu ya mawe. Katika nchi yetu mlio wa namna hiyo una jina lake, kwa hiyo sisi wote wawili tulilala kifudifudi bila kuulizana. Tulipoinua vichwa, hapakuwa na mtu, hapakuwa na risasi. Palikuwa na mbingu safi na mstari mweupe ukipinda.

"Rama," akasema Asende, mdomo umejaa udongo, "hii njo nini?"

"Sijui. Lakini kimeanguka."

Na kwa Lulimba, kitu kikianguka, kila mtu ana maelezo. Wazee wakasema jiwe la radi. Wachimbaji wakasema ndani yake pana dhahabu, haiwezekani Mungu arushe kitu kitupu. Mimi nikawa kiongozi wa maoni hayo. Mchimbaji, mwanangu, anajua jambo moja tu hapa duniani: kitu chenye thamani kiko chini. Tunaona mshipa, tunaufuata chini. Ukipotea, maana yake hatujafika chini ya kutosha. Kichwa kimekwisha kunyooshwa kuelekea huko, hakigeuki. Basi kesho yake tulipokuta shimo jipya nyuma ya shamba, limeingia kwa upande, udongo umetawanyika mdomoni, mimi nikapiga magoti nikasema: limeingilia hapa.

Lilikuwa shimo la muhanga. Mnyama amechimba usiku akitafuta mchwa. Mtoto yeyote wa pale angeliona. Tulichimba nyumba ya mnyama kwa bidii zote siku tisa.

Siku ya pili Mama Riziki alitoka shambani, jembe begani, jasho usoni, akasimama juu ya shimo akatuita.

"Baba Zaina, iko jiwe moja nyeusi kule mu mihogo. Imefinya udongo sawa matako ya sufuria. Njo ile munatafuta?"

Mimi na Asende tulicheka mpaka karai likamwagika. "Mama Riziki," nikamwambia, "sisi tunatafuta jiwe ya mbingu. Hatutafute jiwe ya mafiga."

"Aya," akasema. "Basi mi naibeba. Figa yangu moja imepasuka."

Akalibeba. Akaliweka motoni pamoja na yale mengine mawili. Na siku zote zilizofuata, bugari letu la unga, mihogo yetu, chai yetu, vilipikwa juu ya kitu ambacho tulikuwa tukikitafuta hatua ishirini kutoka pale, chini, gizani, tukipandisha udongo kwa ndoo.

Siku ya saba Asende aliketi ukingoni akasema, "Rama, mi naona hii haiko shimo ya jiwe. Iko shimo ya muhanga." Alisema akicheka. Alikuwa mtu wa kusema kweli kwa kicheko ili usimchukie. Nikamjibu kwamba watu waliokata tamaa siku ya saba ndio wanaopita barabarani wakiwaona wenzao wamejenga. Akasema aya. Akashuka.

Kuna sheria moja ya shimo nikueleze, maana ulipokuwa mdogo uliuliza kitu ambacho kinatoka huko. Mmoja akiwa chini, mwenzake wa juu anashika kamba na hanyamazi. Anaimba, anaongea, anatukana, chochote. Yule wa chini akisikia sauti anajua kuna mtu anayetazama kuta kwa ajili yake; na yule wa juu akiitikiwa anajua mwenzake anapumua. Sisi tulikuwa tukiimba nyimbo za kanisa la Asende, kwa sababu zangu hakuzijua. Mimi naanza juu, vibaya, naye anaitikia toka chini, na anapomaliza ananirekebisha: "Rama, unaua wimbo wa Bwana." Ule ambao nauimba nikinawa mikono, unakumbuka? Uliniuliza, "Baba, mbona unasimama katikati?" Nasimama kwa sababu pale ndipo anapoingia.

Na umewahi kuniuliza kwa nini niliacha dhahabu nikachagua redio, kazi ambayo, kwa ushahidi wa wateja wangu wote, sikuijua. Nyumba yenye redio hainyamazi. Ndiyo sababu. Mama yako amelala miaka yote hiyo na watangazaji watatu chumbani, na hajaniuliza hata mara moja. Umheshimu sana mama yako.

Siku ya tisa, baada ya mvua, kuta zikaanguka. Niliwaambia watu nilikuwa juu, kamba mkononi, ikanyakuliwa. Walitazama viganja vyangu, vilikuwa vimechubuka mpaka nyama inaonekana, wakaniamini. Walinihurumia. Mzee mmoja alinifunga kitambaa kwa mikono yake.

Kwenye matanga nilikuwa nimekaa karibu na moto wa Mama Riziki. Niliinama kuchukua kaa la kuwashia sigara, na sumaku ikatoka kwenye mfuko wa shati langu. Haikuanguka chini. Iliruka ikalishika figa, ikanata. Nikaivuta, ikakataa, kama mtoto anavyoshika mguu wa mama yake sokoni. Nikafuta masizi kwa kidole. Nikaona vile vishimo vya dole gumba. Sikuwa na mwalimu Nestori wa kunieleza, lakini nilijua, mwili wote ulijua. Na kutoka pale nilipokaa niliweza kuona lundo la udongo tulioutoa.

Kesho yake wanawake walipokwenda mtoni, nilichukua jiwe la kawaida pembeni mwa njia, nikaliweka pale motoni, na lile nikalitia kwenye gunia langu. Mtu aliyefiwa, na mimi nikamwibia figa. Hapa Baraka nikaivunja ile pembe, nikaikaanga kwenye kipande cha bati, nikaitwanga, nikaiosha kwenye karai nikitafuta dhahabu. Sikupata kitu. Nikataka kulitupa ziwani. Nikalibeba mpaka majini, nikarudi nalo. Nikaliweka mlangoni, kwa sababu pale ningelipita kila siku, na kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuweka kitu cha namna hiyo.

Unaona sasa kwa nini niliandika ule mstari wa tatu. Kama jiwe lilikuwa chini, basi kuchimba kulikuwa sahihi. Kama kuchimba kulikuwa sahihi, basi Asende alikufa kwenye kazi yake kama wachimbaji wengi wanavyokufa, na mimi ni rafiki aliyebaki. Mstari mmoja wa kalamu. Sikuandika kwa ajili ya wataalamu, nilijiandikia mwenyewe, nipate kuusoma nikipita mlangoni. Haukunisaidia. Nilikuwa nikiusoma na wenyewe ukinisoma.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado unafunga begi, Mama Riziki alikuja na kile kifurushi cha ndagala wakavu ulichokuta mezani. Alizunguka uani, hakuingia. Alisimama pale mlangoni, akatazama sakafuni ile alama ya mviringo jiwe lilipokuwa.

"Ile jiwe nayo inasafiri?"

Nikasema ndiyo, Zaina analipeleka kwa wasomi.

"Ni muzuri," akasema. Akajifunga vizuri kitenge chake, akageuka kwenda. Halafu, bila kunitazama: "Unaambia mutoto ile jiwe ilikuwa naivisha mihogo muzuri sana."

Miaka kumi na minne, mwanangu. Nilifikiri mwanamke hajui mafiga yake.

Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi nyingine. Inasema: Lulimba, mchana ule mbingu ilipopiga radi bila wingu. Amelipata Mama Riziki, akilima. Lilikuwa juu ya udongo. Ukitaka, bandua ile ya zamani ubandike hii. Ukiona haya kulibeba, liache, nitalirudisha linakotakiwa. Lakini kabla hujaamua, kesho pita kwa Mama Riziki, nyumba yake iko njiani kuelekea boti, umsomee hii na umwulize kama ndivyo. Utanikuta huko. Nitatangulia alfajiri. Nina maneno ya kumwambia ambayo anayajua, na inanibidi niyaseme hivyo hivyo.

Huko uendako, ukikosa kitu, tazama kwanza juu ya udongo. Tazama mikononi mwa mwanamke anayelima. Mimi sina elimu nyingine ya kukupa, na hii bei yake niliyolipa haikuwa yangu.

Naweka jina langu hapa, kabla ya yanayofuata, maana baada ya hapo sijui kama utalitaka: ni Ramazani, fundi mbaya wa redio, anayekupenda kuliko anavyoweza kutengeneza chochote.

Sasa ndivyo ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Asubuhi Asende alisema tungoje kuta zikauke. Mimi nikasema tumekaribia. Akashuka. Shimo lilikuwa na urefu wa watu watatu. Nilikaa juu nikaimba kiasi, naye akaitikia. Kisha Mama Riziki akaita toka jikoni: "Baba Zaina, kuya kula, mihogo inapola." Sikutaka ipoe; nilikuwa na njaa na nilikuwa na baridi. Nikaifunga kamba kwenye kisiki. Sikumwambia Asende kwamba naondoka, kwa sababu angesema ngoja, nipandishe kwanza. Nikatembea zile hatua ishirini. Nikakaa karibu na moto, mgongo wangu ukielekea lile figa jeusi, na lilikuwa na joto zuri. Mama Riziki akanipa sahani. Toka kule nilimsikia Asende akiita, "Rama, imba!" Nilikuwa na muhogo mdomoni. Akaita tena. Halafu akaanza kuimba mwenyewe, sauti yangu na sauti yake, zote mbili, akiigiza ile yangu ya mbuzi ili nicheke, na nilicheka kweli, na Mama Riziki akacheka. Akafika katikati ya wimbo akanyamaza. Viganja vyangu nilivichubua baadaye, nikimfukua. Hapo aliponyamaza sikusimama. Nilidhani anapumzika. Mama Riziki alinitazama, nikamtazama, nikamnyooshea sahani, nikaomba chumvi.